Mpiga Picha wa Juu ya Ngazi

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Silitaji kwa sababu yeye mwenyewe angeniuliza, "Umeniomba?" na mimi ningekosa jibu. Kwa hiyo nitamwita kama mtaa mzima ulivyomwita: Mpiga Picha.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake siziwezi. Nilimkuta tayari mzee, na mengi niliyosikia juu ya ujana wake niliyasikia kwa watu ambao hawakuwepo. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia kwa masikio yangu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Mtu kama yule alistahili kuandikwa na mwenye kalamu nzuri zaidi, lakini wenye kalamu nzuri hawakukaa chini ya ngazi zake miaka yote ile wakiuza vifungo.

Studio yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye jengo la zamani pale Mchafukoge inapokaribia kuwa Kariakoo. Mimi na meza yangu ya vifungo, zipu, lastiki na nyuzi tulikuwa chini, mlangoni pa ngazi. Yeye alikuwa na kiti cha plastiki pale ngazi zinapokata kona, na kila aliyepanda au kushuka alipita mbele ya magoti yake.

Kitu cha kwanza ambacho yeyote angekwambia juu yake ni kwamba alikuwa mdaku. Nisimwonee, lakini neno lingine sina.

"Unaenda wapi na mfuko huo?"

"Sokoni, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sokoni ndiyo unatoka, nyanya naziona. Unaenda wapi?"

Hakuwa na haya. Alikuuliza mumeo amerudi lini safari, kikohozi cha mtoto kimefikia wapi, wifi yako ameamua nini kuhusu ile kazi. Ukikaa karibu naye ukisoma ujumbe kwenye simu, ungesikia pumzi yake begani, naye anasoma. Ukimgeukia anasema, "Endelea, bado sijafika mwisho." Wapangaji wapya walikuwa wanamkasirikia mwezi wa kwanza. Baadaye wanazoea, na wengine nadhani walianza kupanda ngazi polepole ili waulizwe.

Ila kilichoingia kwake hakikutoka. Hili nalisema bila wasiwasi kwa sababu nilikuwa nasikia pande zote mbili. Mangi, Mchaga mwenzangu anayeuza mikoba pale kona, siku moja alipanda kumdodosa.

"Mzee, hivi yule jamaa anayekuja kwa yule dada wa juu ni nani yake?"

"Jamaa yupi?"

"Si yule mwenye koti."

"Sijaona koti."

"Mzee! Koti la kahawia, jana kapita hapa hapa!"

"Macho yangu siku hizi, Mangi. Kwani wewe koti lako uliliacha wapi?"

Na mimi siku iliyotangulia nilikuwa nimemsikia mzee akimuuliza mwenye koti lile amelishonesha kwa fundi gani.

Studio nyingine mjini hapa zinaweka dirishani picha za maharusi, za watoto wanene, za wahitimu na majoho yao. Dirisha lake yeye lilikuwa na picha moja tu: kiti kitupu mbele ya pazia la bluu. Watu walimcheka. "Mzee, huyo uliyempiga ni jini?" Alijibu kwamba kiti ni chake na pazia ni lake, basi hakuwa na wa kumuomba ruhusa. Mtu akimwambia angeweza kuwaomba maharusi, alisema bibi harusi siku ya harusi hukubali kila kitu, si siku ya kumuuliza jambo.

Enzi za filamu alikuwa na utaratibu wake ambao sijausikia kwingine. Ukitaka picha yako isiwepo, alikitafuta kipande cha filamu, akakushikia kwenye mwanga ukione kwamba ni chenyewe, kisha akakikata kwa mkasi mbele yako. Vipande uliondoka navyo wewe. Hakuuliza sababu, na hilo kwa mtu kama yeye nadhani lilikuwa kama kufunga saumu. Nilimwona dada mmoja akishuka na vipande vyake kwenye leso, uso umelowa, huku anacheka. Nilipomtazama Mpiga Picha, alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili kama mtu anayejizuia.

Alikuwa pia na hasira, niseme na hilo. Ukimpiga mtu picha kwa simu pale ngazini bila ruhusa, alikufokea hata kama ni mwanao. "Umemuomba?" Siku moja alimfokea mgeni aliyekuwa anapiga picha ukuta tu, na ukuta hauombwi. Nilimwambia. Akanuna mpaka jioni.

Zilipokuja simu zenye kamera, wateja wakabaki wa picha za pasipoti. Hapo ndipo mpwa wake, binti wa dada yake, anayefanya kazi za kompyuta Arusha, alipokuja kumtembelea na kumfundisha ule mtandao. Nitaeleza nilivyoelewa, na kama nimekosea wanaojua watanisamehe. Ile mitandao mikubwa yote huwa ni ya kampuni moja, nyote mmepanga kwake. Huu haukuwa hivyo. Kila mwenye kompyuta na subira anaweza kufungua nyumba yake, akawa msimamizi wake, akaweka kanuni zake, na nyumba hizo ziko dunia nzima na zinapitishiana habari. Ukiandika nyumbani kwako, aliye nyumba nyingine anaweza kusoma.

Yeye alifungua ya kwake. Kompyuta aliiweka katika kile chumba cha giza alichokuwa akisafishia filamu, na nyumba akaiita Ngazini. Tukajiunga wauzaji wa mtaa, wapangaji na wateja wetu. Mizigo ikifika tuliandika, umeme ukikatika tuliandika, mtu akifiwa tulipeana pole. Naye alikaa mlangoni mle kama alivyokaa kwenye kile kiti. Ukiandika "leo sijisikii vizuri," haikupita muda ulikuta swali lake chini: "Tumbo au kichwa?"

Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: ukisema futa, anafuta, na unaitwa chumba cha giza ukaone mwenyewe. Ya pili: jina lako halisi usiliweke. "Andika unavyoitwa mtaani," alisema. "Mtaani hakuna anayekujua jina la cheti."

Ni kweli hakuna. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Nina jirani wa miaka mingi ambaye nikiulizwa jina lake polisi nitashindwa. Kwa hiyo wanawake wote Ngazini tukawa Mama Fulani, na wanaume Baba Fulani, na kila mtu aliona hilo ni pazia zuri kabisa. Mimi pia niliona hivyo. Sikumsikia hata mmoja aliyeona vingine.

Sasa nimfikie Mama Nyamizi. Alikuwa na duka dogo la nguo za watoto, linatazamana na ngazi zetu. Alikuja Dar akitokea Tabora na binti yake, Nyamizi, aliyekuwa bado hajaanza shule. Alitoka kwa mwanamume aliyekuwa akimpiga, na aliyeapa kwamba akimpata mtoto atamchukua na mama hatamwona tena. Haya alituambia watu wawili: mimi, kwa sababu tulikuwa tunakula chakula cha mchana pamoja, na Mpiga Picha, kwa sababu yeye alimuuliza. Ngazini hakuyaandika kamwe. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote. Picha ya mtoto hakuweka hata moja.

Aliandika vitu vidogo. Kwamba sweta za shule zimeingia. Kwamba Nyamizi ameng'oka jino na analitafuta kwenye wali. Kwamba mvua ya jana imewaletea maji ya Mto Msimbazi mpaka mlangoni. Kwamba Nyamizi ameanza darasa la kwanza, na kengele ya shule yao mtu anaisikia akiwa dukani. Kila kimoja peke yake hakisemi kitu. Nimevirudia kichwani mara nyingi, na bado naona hivyo.

Siku mpwa wa Mpiga Picha alipopiga simu kutoka Arusha, nilikuwa nimepanda kumpelekea mzee chai. Alizoea kuweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote. Binti alisema kuna watu, haijulikani ni nani, wametuma mashine zikazunguka nyumba zote zilizo wazi, zikachota kila kilichoandikwa. Kisha wamekimwaga mahali pamoja, na yeyote anaweza kutafuta neno lolote, akaletewa yote yenye neno hilo.

"Wameingiaje kwangu?" Mpiga Picha aliuliza. "Nani kawafungulia?"

"Mjomba, hawajavunja. Mlango ulikuwa wazi."

"Ulikuwa wazi watu wasome."

"Ndiyo, nao wamesoma."

"Kusoma na kubeba si kitu kimoja, mwanangu. Mtu anaingia dukani kwangu anatazama picha, habebi ukuta."

"Mashine haijui hiyo tofauti, mjomba."

"Aliyeituma anajua."

Binti akasema hata yeye amekasirika, lakini kanuni za mtandao wenyewe haziwazuii, na hata vile alivyofuta Mpiga Picha zamani huenda nakala zake ziko nyumba nyingine, maana ndivyo nyumba zinavyopitishiana. Sidhani kama alikosea. Na hao waliochota, kwa kweli sijui nia yao. Labda walikuwa wanafundisha mashine zao kuongea, labda walikuwa na shughuli yao tu, hawakuwa na habari kwamba kuna mtu anaitwa Mama Nyamizi. Mpiga Picha chai hakuinywa. Aliuliza tena na tena, kama hakusikia: "Hata vile nilivyofuta?"

Wazo la majina halikutujia siku ile, si yeye wala mimi.

Haukupita muda mrefu, mchana mmoja watu wakiwa wengi, akaja mwanamume mezani kwangu. Shati limepigwa pasi, sauti ya upole.

"Habari za kazi, dada. Namuulizia Mama Nyamizi."

Nikamuuliza Mama Nyamizi yupi. Akanionyesha simu. Maneno ya yule mama yote yalikuwa pale, yamepangwa moja chini ya lingine: jino, wali, Msimbazi, sweta, kengele ya shule, "dukani kwangu, mkabala na ngazi za Mpiga Picha." Wanaoitwa Neema au Asha ni wengi mpaka mtu achoke kutafuta. Kina Nyamizi mjini hapa ni wachache. Aliandika jina moja tu la mtoto wake, akaletewa maisha yao yote.

"Kama hayupo," alisema, "nitaanzia shuleni. Nadhani ni hapo nyuma tu."

Nilihisi vifungo vinaniteleza vidoleni. Mtoto alikuwa shuleni saa ile. Duka la mama yake lilikuwa mbele yetu, mwenyewe amesimama ndani ametupa mgongo, anakunja suruali. Na mimi si mwepesi wa kusema uongo, nikianza nasahau katikati.

Sauti ikatoka juu. "Nani huyo? Anatoka wapi?"

"Anamuulizia Mama Nyamizi, mzee," nilisema, na nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikasikia kiti chake kikisogezwa. Kisha: "Apande! Mgeni kutoka mbali anasimamishwa juani kama mbuzi? Panda, kijana, panda, mtaa huu namjua kila mtu."

Akapanda. Na nikasikia yakianza yale maswali ambayo yalitukera miaka yote. Kwenu ni Tabora mjini au nje ya mji? Upande upi? Baba yako yupo? Anafanya kazi gani? Treni umepanda au basi? Ulikaa upande wa dirisha? Mgeni alijibu kwa adabu, akajaribu kurudi kwenye habari yake, na Mpiga Picha akasema, "Tutafika huko, usijali, mama yako mzazi ni mtu wa wapi?"

Nilivuka barabara. Sikumwambia Mama Nyamizi mengi, nilisema tu, "Yupo juu kwa mzee." Hakuuliza nani. Alichukua mkoba, akatoka na ndala zake za dukani, akapita uchochoro wa nyuma kuelekea shuleni. Nilimwona akianza kwa kutembea, akajaribu kuendelea kutembea, halafu akakimbia.

Mgeni aliposhuka, uso ulikuwa umebadilika. "Mzee wenu anaongea sana."

"Ndivyo alivyo," nilisema.

Duka akalikuta lina mtoto wa jirani anayelinda. Shuleni akaambiwa mtoto ameondoka na mama yake. Alirudi mezani kwangu, akasimama. "Mimi ni baba yake, dada," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Naandika hilo kwa sababu nililiona. Naandika pia kwamba mkono wa Mama Nyamizi una kovu refu la kuungua, na siku aliponionyesha hakulia. Mimi si hakimu. Nilichagua upande, na ningeuchagua tena, lakini sitasema yale macho yalikuwa makavu.

Mama Nyamizi hakurudi dukani. Nguo zake tuliziuza sisi.

Mpiga Picha alifuta kila alichokuwa ameandika yule mama. Aliziandikia nyumba nyingine, moja moja, kuomba wafute nakala zao, kwa Kiingereza chake cha zamani chenye "kwa heshima na taadhima" mwanzo na mwisho. Wengine walifuta na kumjibu vizuri, hata mmoja kutoka nchi ya baridi alimuuliza kama mtoto ni mzima. Wengine hawakujibu. Wale wenye lile rundo kubwa hakuwapata kabisa, hawakuwa na mlango wa kubisha.

"Ni mimi niliyemwambia aweke jina la mtoto," aliniambia.

"Mzee, sote tunaitwa hivyo."

"Sote tunaitwa. Mimi ndiye niliyesema ni salama."

Nilitaka kusema si kosa lake, lakini yeye hakuwa anataka kubembelezwa, na mimi sikuwa na hakika.

Alishuka ngazi, jambo alilokuwa halipendi kwa sababu ya magoti, akapita meza kwa meza akituomba tubadilishe majina.

"Sasa mke wangu aitweje humo?" Mangi aliuliza. "Mama Nani?"

"Aitwe Kijiko."

"Kijiko! Mzee, atanipiga nacho."

Basi Ngazini pakajaa kina Kijiko, Pasi, Ufagio na Chujio, na kwa muda tulicheka sana. Mimi nilikuwa Zipu. Kisha akafunga milango: asiyejulikana hawezi kusoma tena. Hapo kicheko kikaisha, maana wateja wapya nao hawakutuona. Mangi alipanda akiwa amekasirika kweli.

"Yaani mzee umefunga mtaa mzima kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Na huyo mtu mwenyewe hayupo tena!"

"Ndiyo, Mangi."

Mangi alikuwa na haki yake, na alipohamia mtandao mwingine sikumlaumu. Wengi walimfuata. Lakini kilichotushangaza zaidi ni kile kiti. Alibaki anakaa pale pale kwenye kona ya ngazi, na watu wakapita na mifuko, na wageni, na masanduku, wala hakuuliza kitu. Aliitikia shikamoo, basi. Dada wa juu siku moja alisimama mbele yake na begi kubwa, akasubiri. Mwisho akasema mwenyewe, "Naenda Morogoro, mzee." Akamjibu, "Safari njema."

Jengo lilipouzwa alihamia kwa dada yake Upanga. Sikumwona muda mrefu. Nilimkuta Posta, asubuhi, ameketi kwenye benchi nje ya benki akimsubiri mpwa wake aliyekuwa ndani. Amekonda, ana fimbo. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti kabla ya sura. Tukaongea habari za meza yangu mpya, za Mangi, za magoti.

Nilikuwa na kifurushi mkononi, naenda kukituma. Ndani yake sweta la shule. Juu nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji na mji anakoishi, kwa sababu Mama Nyamizi simu yangu anayo na hunipigia. Sikufikiri. Nilikiweka mapajani kama mtu anavyoweka kitu chochote, maandishi juu.

Macho yake yakashuka. Niliona yameanza kusoma, najua anavyosoma, midomo inacheza kidogo. Kisha akageuza kichwa upande wa barabara, na akabaki akiangalia magari kwa nguvu, shingo imekakamaa.

"Mzee," nilisema, "nikwambie?"

"Usiniambie ni wapi."

"Sawa."

"Wapo?"

"Wapo, mzee. Wazima kabisa."

Aliitikia kwa kichwa. Nilisubiri swali linalofuata. Nilikuwa tayari kumjibu yote, duka jipya, mwalimu mkali, hata jino. Hakuuliza. Ila, bado akiyaangalia magari, aliachia fimbo ikaegemea goti, akanyoosha mkono pembeni ya benchi, vidole juu, kama mtu anavyoonyesha kimo cha mtoto.

Niliushika mkono ule kifundoni, nikaupandisha. Nikaupandisha tena kidogo.